Saa Mbili Ipi? Hesabu Kabla ya Hofu Katika Kundali ya Kihindi

Mtoto amezaliwa Morogoro saa 2:15 asubuhi. Miaka 30 baadaye anapakua programu ya unajimu wa Kihindi kwenye simu. Anaandika tarehe, anaandika 2:15, anagusa AM kwa kuwa ilikuwa asubuhi, na papo hapo chati inatokea: mraba uliogawanywa vyumba 12, sayari zimekaa ndani, na chini yake maelezo marefu kuhusu ndoa, kazi na maradhi. Chati hiyo si yake. Saa 2:15 asubuhi kwa Kiswahili ni 8:15 kwa programu. Kosa ni la saa 6, na kwa saa 6 anga huwa limeshazunguka robo nzima.

Unajimu wa Kihindi, ambao wenyewe huuita Jyotisha, unategemea saa kuliko unajimu mwingi tuliouzoea huku. Mjuzi wa falaki wa pwani anayetafuta nyota kwa abjadi huchukua jina lako na la mama yako, hujumlisha thamani za herufi, hugawa kwa 12, na kinachobaki ndicho kinachotaja buruji yako. Saa ya kuzaliwa haimhusu. Safu ya nyota ya gazetini nayo hutaka tarehe tu. Kundali, yaani chati ya kuzaliwa ya Jyotisha, hutaka tarehe, saa, dakika na mahali, na kila kimoja kikikosewa huharibu sehemu yake. Kwa sababu hiyo naamini anayetaka kuitumia kwa uadilifu ana maswali mawili ya kuuliza kabla hajasikiliza utabiri wowote. Saa hii imetoka wapi? Na hali ninayoambiwa ninayo, ni watu wangapi wengine wanayo?

Tuanze na vipande vyenyewe. Mzunguko wa anga ni digrii 360, umegawanywa buruji 12 za digrii 30. Buruji inayochomoza mashariki wakati mtoto anazaliwa huitwa lagna, nayo ndiyo nyumba ya 1. Zinazofuata huhesabiwa hadi 12. Nyumba ya 7 hutazamwa kwa ndoa, ya 10 kwa kazi. Ndani ya nyumba hizo huwekwa graha 9: Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura, Zohali, kisha Rahu na Ketu, ambazo hazina umbo lolote angani, ni nukta mbili ambapo njia ya Mwezi hukatana na njia ya Jua. Juu ya buruji kuna mgawanyo mwingine wa nakshatra 27, kila moja digrii 13 na dakika 20 (hapa dakika ni sehemu ya 60 ya digrii, si ya saa). Aliyewahi kusikia manzili 28 za mwezi katika falaki yetu atawatambua ndugu zake hapo.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba nyota ya gazetini na ya Jyotisha hazilingani. Gazeti hupima buruji kuanzia mahali Jua lilipo siku ya mlingano wa Machi, siku ambayo usiku na mchana hulingana. Jyotisha hupima kwa nyota zenyewe. Kwa kuwa mhimili wa dunia unayumba polepole, vipimo hivi viwili huachana kwa digrii 1 kila miaka 72 hivi, na sasa pengo limefika kama digrii 24. Pengo hilo huitwa ayanamsa. Aliyezaliwa tarehe 5 Agosti gazeti humwita Simba, lakini kwa Jyotisha Jua lake liko Kaa. Tena mtu wa Jyotisha akikuuliza rashi yako, mara nyingi hataki habari za Jua kabisa. Anauliza Mwezi ulikuwa buruji gani.

Ayanamsa inayotumika zaidi ni ya Lahiri, iliyotokana na kazi ya Kamati ya Marekebisho ya Kalenda ambayo serikali ya India iliiunda mwaka 1952 chini ya mwanafizikia Meghnad Saha. Zipo nyingine, na ile ya Raman iko chini ya Lahiri kwa takriban digrii moja na nusu. Sayari iliyokaa mpakani inaweza kuhama buruji kwa kubadilisha mpangilio huo mmoja tu. Programu mbili zikikupa chati mbili tofauti, fungua mipangilio utazame ayanamsa kwanza, kisha utazame kama zinatumia Rahu ya wastani au Rahu halisi, njia mbili za kukokotoa nukta hiyo.

Sasa saa. Lagna husogea digrii 1 kila dakika 4, kwa hiyo buruji nzima hupita kwa muda wa saa 2 hivi. Turudi kwa yule wa Morogoro. Kosa lake la saa 6 limerudisha lagna nyuma buruji 3, na kila sayari imesogezwa nyumba 3 mbele. Mirihi iliyokuwa nyumba ya 10, mahali pa kazi, sasa inaonekana nyumba ya 1, na programu inamtangazia kwamba ana mkosi wa ndoa.

Kosa hili hugunduliwa kwa kutazama Jua tu, bila utaalamu wowote. Aliyezaliwa jua linachomoza, Jua lake huwa nyumba ya 1 au pembeni yake. Adhuhuri huwa karibu na nyumba ya 10, machweo karibu na ya 7, usiku wa manane karibu na ya 4. Aliyezaliwa saa 2:15 asubuhi, jua likiwa limepanda kwa saa mbili, atalikuta Jua nyumba ya 12 au ya 11. Chati ikilionyesha nyumba ya 2 au ya 3, imechorwa kwa saa ya usiku. Ukaguzi huu ni wa nusu dakika, na ungefanywa kila mara ungezuia kilio kingi.

Usiku una mtego mbaya zaidi. Mama akisema “alizaliwa saa saba usiku wa Jumanne”, anaweza kuwa na maana mbili. Kwa hesabu ya wazee wetu usiku hutangulia mchana, hivyo usiku wa Jumanne ni ule wa kuamkia Jumanne. Kwa kijana wa leo ni ule unaofuata mchana wa Jumanne, na saa saba yake tayari ni Jumatano. Tofauti ni siku nzima, na siku nzima hujificha vizuri sana, kwa sababu baada ya saa 24 lagna hurudi karibu pale pale, imesogea kama digrii 1 tu. Nyumba zote zitaonekana sawa. Kilichohama ni Mwezi: husogea kama digrii 13 kwa siku, yaani nakshatra nzima. Kwa hiyo usiulize “Jumanne au Jumatano?” Uliza “kulipokucha ilikuwa siku gani?”

Vyeti vingi vya kuzaliwa vya huku havina saa, hivyo kumbukumbu ndiyo tegemeo. Kumbukumbu bora ni ile iliyofungwa kwenye tukio. “Adhana ya Alfajiri ilikuwa imeshatoka” ni taarifa nzuri kuliko “alfajiri alfajiri”, maana wakati wa sala unaweza kukokotolewa kwa tarehe ile na mji ule. Hospitalini saa huandikwa kwenye daftari la wodi ya wazazi, ila wakunga wana mikono miwili na huandika baada ya kumhudumia mama. Saa inayoishia na 0 au 5 ichukuliwe kuwa imekadiriwa.

Mahali nako kuna uzito. Kigoma na Dar es Salaam zinatumia saa moja, lakini ziko mbali kwa karibu digrii 10 za longitudo, sawa na dakika 39 hivi za jua. Mtoto wa Kigoma akichorewa chati ya Dar es Salaam kwa kuwa programu imejaza jina hilo yenyewe, lagna yake itapotoka kwa karibu digrii 10. Na kwa wazee, saa za zamani zinahitaji uangalifu wa pekee: India ilisogeza saa mbele kwa saa 1 kuanzia Septemba 1942 hadi Oktoba 1945, na Kenya ya kikoloni iliwahi kwenda saa 2 na dakika 45 mbele ya Greenwich.

Kinachovutia wateja zaidi katika Jyotisha ni dasha, vipindi vya maisha. Mfumo mkuu una miaka 120: Ketu 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, Zohali 19, Utaridi 17. Kila nakshatra ina graha yake, na kipindi cha kwanza ni cha graha ya nakshatra uliyozaliwa Mwezi ukiwa ndani yake; kimebaki kiasi gani hutegemea Mwezi ulikuwa wapi ndani ya nakshatra hiyo. Fanya hesabu. Mwezi husogea kama dakika 33 za digrii kwa saa, na nakshatra ina dakika 800. Ukizaliwa katika nakshatra ya Zuhura, kosa la saa 1 ni 33 kati ya 800 ya miaka 20, yaani miezi 10. Vipindi vyote vinavyofuata maishani vitasogea kwa miezi hiyo hiyo 10. Kosa la robo saa ni miezi miwili na nusu. Mtu akikuambia “kazi itapatikana mwezi Machi” kwa kutumia saa ambayo mama yako aliikisia, amekupa usahihi ambao hesabu yenyewe haina.

Njia ninayoitetea ni kuchora chati tatu: ya saa uliyotajiwa, ya dakika 15 kabla na ya dakika 15 baada. Kama saa ni ya kukisia, tanua iwe saa nzima kila upande. Kinachobaki vilevile katika chati zote tatu kinaweza kuzungumziwa. Kinachobadilika kiachwe. Mara nyingi buruji ya Mwezi itabaki, nakshatra itabaki, na lagna itabaki isipokuwa iwe mpakani. Navamsa, chati ya ndoa inayogawa kila buruji mara 9, itayumba, kwa kuwa lagna yake hubadilika kila dakika 13. Ile inayogawa mara 60 hubadilika kila dakika 2, na kuisoma kwa saa iliyokadiriwa ni kumdanganya mteja hata kama msomaji ana nia njema.

Swali la pili, la watu wangapi, ndilo linalovunja biashara ya hofu. Chukua Mangala Dosha, ule mkosi wa ndoa uliotajwa juu, ambao mwenye nao huitwa mangliki. Mtu huhesabiwa mangliki Mirihi yake ikiwa nyumba ya 1, 4, 7, 8 au 12. Hizo ni nyumba 5 kati ya 12: asilimia 42 ya watu. Wa kusini mwa India huongeza nyumba ya 2, ikawa nusu ya watu. Wengine huhesabu kutoka lagna na pia kutoka Mwezi. Sasa ni takriban robo tatu. Ukiongeza na Zuhura kama baadhi wafanyavyo, unafika karibu watu 7 kati ya kila 8. Mkosi walio nao watu 7 kati ya 8 hauwezi kumtenga binti mmoja na wenzake, lakini uchumba huvunjwa kwa neno hilo na msichana hubebeshwa lawama ya kifo cha mume ambaye hata hajampata. Mila yenyewe ina orodha ndefu ya hali zinazoufuta, kama Mirihi kuwa katika buruji yake au wachumba wote wawili kuwa mangliki. Anayekutajia dosha bila kukutajia vifutio amesoma nusu ukurasa.

Sade Sati ni hivyo hivyo. Ni miaka saba na nusu ambayo Zohali hupita buruji iliyo kabla ya Mwezi wako, buruji ya Mwezi yenyewe, na inayofuata. Buruji 3 kati ya 12: wakati wowote, robo ya binadamu wote wamo. Tangu Zohali ilipoingia Samaki mwishoni mwa Machi 2025 ni zamu ya wenye Mwezi Ndoo, Samaki na Kondoo. Zohali hurudi kila baada ya miaka 29 na nusu hivi, kwa hiyo mtu wa miaka 60 ameshaipitia mara mbili na huenda hakuambiwa. Mwulize msomaji: mara ya kwanza ilipita miaka gani, na kulitokea nini? Hilo ni swali la haki, na jibu lake liko kwako. Kala Sarpa, inayodaiwa pale sayari zote 7 zinapokaa upande mmoja wa Rahu na Ketu, sioni sababu ya kuipa nafasi; haimo katika maandiko ya kale ambayo Jyotisha huyategemea, na imekua pamoja na bei ya ibada za kuiondoa.

Kwenye ndoa kuna alama 36 za kulinganisha wachumba, na 18 huchukuliwa kuwa kiwango cha chini. Nyingi kuliko zote, 8, ziko kwenye nadi. Nakshatra 27 zimegawanywa makundi 3 ya nadi, 9 kila moja. Wachumba wakiwa kundi moja wanapata sifuri katika zile 8, na watu wawili wowote wana nafasi 1 kati ya 3 ya kukutwa hivyo. Alama zote 36 hutokana na Mwezi peke yake. Lagna na nyumba ya 7 hazimo. Wanaoogopa nadi husema inahusu afya ya watoto. Kwa Afrika Mashariki swali la afya ya watoto lina kipimo chake: selimundu. Wachumba wote wawili wakiwa na vinasaba vya AS, yaani wanabeba kinasaba cha selimundu bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mwenye ugonjwa. Kipimo cha damu hujibu hilo kwa uhakika. Naomba sana familia zinazokaa jioni nzima kuhesabu alama zitenge asubuhi moja ya kwenda maabara.

Je, kundali inatabiri? Mwanaastronomia Jayant Narlikar na wenzake huko Maharashtra walikusanya kundali 200, 100 za wanafunzi wenye vipaji na 100 za watoto wenye ulemavu wa akili. Wanajimu 27 walikamilisha jaribio, kila mmoja akitenganisha kundali 40. Katika matokeo yaliyochapishwa 2009, wastani wa waliopatia ulikuwa asilimia 46, kiasi ambacho hata kurusha shilingi kungetoa. Anayeipenda Jyotisha, nami ni mmoja wao, hana budi kulibeba tokeo hilo wazi. Wasomaji wengi, Waislamu kwa Wakristo, wana katazo la dini juu ya kuagua, na wanazuoni wamekuwa wakitenga hesabu ya falaki ya nyakati za sala na utabiri wa nyota. Anayeshika katazo hilo asishawishiwe kwa hila.

Kinachobaki kwangu ni kundali kama mpangilio wa mazungumzo. Kipindi cha Zohali hufungua maongezi juu ya madeni, mzigo na subira, mambo ambayo watu huyakwepa mwaka hadi mwaka. Lakini andika sababu zako za kufanya jambo kabla hujafungua chati. Sababu zikitosha bila chati, basi chati ikuchagulie siku ya kufungua duka kama Alhamisi badala ya Jumanne, haina madhara. Kupanga upasuaji wa kujifungua kabla ya wiki 39 ili mtoto apate lagna nzuri, bila sababu ya daktari, kunahatarisha mapafu ya mtoto. Umri wa kufa usitabiriwe kabisa, na ugonjwa usitajwe na mtu asiyekuwa na stetoskopu.

Mawe ya pete ambayo wanajimu huagiza kwa kila sayari yana fujo yake. Zohali hupewa yakuti ya buluu, Utaridi zumaridi, Mirihi marijani nyekundu, na pete huachwa wazi chini ili jiwe liguse ngozi. Tanzanaiti ya Mererani iligunduliwa 1967, kwa hiyo haiwezi kuwa katika orodha yoyote ya kale. Ukiuziwa kama yakuti ya Zohali, ujue ni jiwe jingine. Ugumu wake ni 6 hadi 7 kwa kipimo cha Mohs na wa yakuti ni 9, na kwenye pete ya kila siku utaiona imechunika. Rubi nyingi za bei nafuu zimejazwa kioo ndani ya nyufa. Taka cheti cha maabara isiyo ya muuzaji, na msomaji wa chati asiwe ndiye mwenye kabati la mawe.

Mwisho kuna siri za watu. Tarehe, saa na mji wa kuzaliwa, vikiongezwa jina la mama, ni funguo ambazo tapeli wa laini ya simu angezilipia. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ya 2022, lakini ujumbe uliotuma mwenyewe kwa mtu usiyemjua hauna wa kukurudishia. Usipeleke kundali ya mchumba, mfanyakazi au mkwe bila yeye kujua. Na kwa mzazi anayetarajia mtoto, awe anaamini nyota au haamini, mstari mmoja nyuma ya kadi ya kliniki unatosha: “Jumatatu tarehe 3, saa 20:15, yaani saa mbili na robo usiku wa kuamkia Jumanne, Kigoma mjini, saa ya ukutani, imesomwa na mkunga.”